Msafiri Aliyekula Kondoo wa Maskini

 

Wazee wa kanisa wameniomba niandike juu ya ukarimu, kwa kuwa semina ya akina mama inakaribia na kila nyumba hapa Nakivale itaombwa ipokee wageni wawili au watatu. Nilikubali upesi. Somo la ukarimu ni jepesi kwa mchungaji. Unamtaja Abrahamu chini ya mialoni ya Mamre, unamtaja mjane wa Sarepta, unamalizia na wale waliokaribisha malaika pasipo kujua, na watu wanasema amina. Lakini nilipokaa na karatasi yangu, kulikuwa na mtu mmoja wa Biblia aliyenizuia kuendelea. Mtu huyo hana jina, hasemi neno hata moja, na sijawahi kusikia mahubiri juu yake. Yumo katika 2 Samweli sura ya 12.

Mnaikumbuka habari yenyewe. Nabii Nathani alimwendea mfalme Daudi akampa mfano wa watu wawili waliokaa mji mmoja. Mmoja tajiri, mwenye kondoo na ng'ombe wengi. Mwingine maskini, mwenye mwana-kondoo mmoja tu aliyemlea pamoja na watoto wake. Msafiri akamfikia yule tajiri. Tajiri akaona uchungu kuchukua katika mifugo yake mwenyewe, akamnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, akamwandalia mgeni. Daudi akawaka hasira, na Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Sisi sote humtazama Daudi, na ni haki, maana mfano ulikuwa wake. Lakini yule msafiri je? Alikula. Huenda alisifu mchuzi. Asubuhi akaaga, akaibariki nyumba, akashika njia, na huko alikokwenda akasimulia jinsi alivyopokelewa vizuri. Nathani hamhukumu, Daudi hamtaji. Je, yeye hana neno la kujibu? Mgeni ana wajibu wa kujua kama nyama iliyo kwenye sahani yake imetoka katika zizi la nani?

Swali hili sikulipata chuo cha Biblia. Nililipata Bujumbura, karibu na bandari, mwezi wa tisa mwaka 2023, na nililipata nikiwa nimekwisha kula.

Safari yenyewe ilikuwa ya familia: mimi, mama mchungaji na watoto wetu watatu. Marehemu mama yangu alibakiza ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kiume, anayekaa Buyenzi na kufanya kazi bandarini. Mjomba huyo nilikuwa sijamwona tangu vita ilipofika Uvira mwezi wa kumi 1996, tukatawanyika kila mtu na upande wake. Hati za kusafiria za wakimbizi zilipopatikana tuliweka akiba mwaka mzima, tukauza mahindi na mbuzi wawili, tukapanga njia. Na kama mnavyojua, watu wetu hawapangi njia kwa kutazama ramani, wanapanga kwa kutazama ndugu. Mbarara tutalala kwa fulani, Kigali kwa binamu, Kayanza kwa rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha Biblia kabla hajarudi kwao Burundi, kisha tufike kwa mjomba. Nyumba ya kulala wageni hatukuiwaza hata kidogo. Kufika mji wenye ndugu yako ukalipia kitanda ni tusi litakalosimuliwa msibani miaka ishirini baadaye.

Mbarara nitapita haraka, tulikunywa chai ya maziwa na kulala. Kigali binamu ana chumba kimoja na sebule ndogo. Tulilala humo watu tisa, na yeye na mkewe walijilaza kwenye mkeka karibu na mlango ili watoto wetu wapate kitanda. Asubuhi nilimwambia, "Ndugu yangu, umetupokea kweli." Sikuuliza kama mgongo wake ulikuwa unauma. Tukavuka mpaka wa Akanyaru tukaingia Kayanza, nchi ya kahawa. Rafiki yangu alichinja jogoo siku tuliyofika na jogoo mwingine siku ya pili, tukaongea mambo ya chuo hadi usiku wa manane. (Mpaka ule ulifungwa tena Januari 2024. Tulikuwa na bahati, ingawa wakati ule hatukujua.)

Kutoka Kayanza barabara inakwenda hadi Bugarama, ambako wanauza karoti na kabichi kando ya njia, kisha inaanza kuteremka zaidi ya kilomita 30 hadi ziwani. Watoto walishangaa sana kuona vijana wa baiskeli. Wanashuka wamefunga mikungu ya ndizi nyuma kama mlima mdogo, na wanaporudi juu hushikilia malori kwa mkono mmoja, lori linawavuta. Mwanangu wa mwisho aliuliza, "Baba, dereva anajua kwamba amebeba mtu?" Nikamwambia atazame ziwa.

Bandari ya Bujumbura iko kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika. Ni bandari ya kupokea. Saruji na sukari huja kutoka Mpulungu kule Zambia, bidhaa nyingine hushuka kwenye reli pale Kigoma na kupanda meli. Vyombo vinakuja vimejaa, na vingi vinarudi karibu vitupu, maana Burundi inanunua kupita inavyouza. Ng'ambo ya maji, asubuhi kukiwa kweupe, unaona milima ya Uvira. Ni kama kilomita 25. Kaburi la mama yangu liko huko. Lakini hati yetu inaturuhusu nchi zote isipokuwa ile tuliyoikimbia, na sheria hiyo siilaumu. Tulisimama ufukweni nikawaonyesha watoto kwa kidole, basi.

Mjomba alitupokea kama wafalme. Kwa simu alikuwa ametuambia miaka yote kwamba yeye ni kapita pale bandarini, anasimamia wapakuzi. Siku ya kwanza tulikuta mukeke, samaki ambaye mtu wa Bujumbura asipompa mgeni anaona kwamba hajampokea. Walikuwa wakubwa, wamekaangwa vizuri, pamoja na bugali, ndizi na lengalenga. Siku ya pili mukeke tena. Nilishiba, nikaiombea nyumba ile baraka kwa sauti ambayo jirani waliisikia. Mjomba akasema hatuondoki kabla ya wiki mbili. Sisi tulikuwa tumepanga siku sita.

Mama mchungaji hakukaa sebuleni. Mwanamke akifika kwa watu haulizi maswali. Anavua viatu vya safari, anafunga kitenge, anaingia jikoni kuosha vyombo. Usiku wa siku ya tatu, watoto walipolala, akaniambia polepole, "Baba, unajua tunakula nini hapa?"

Nikasema, "Mukeke."

Akasema, "Tunakula shule ya kijana."

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Kijana mkubwa wa mjomba alikuwa anaingia sekondari, na pesa ya karo, madaftari na sare ilikuwa imetunzwa tangu mwezi wa sita ndani ya kopo la maziwa. Kopo lile ndilo lililonunua samaki wa siku ya kwanza. Samaki wa siku ya pili walitoka kwa deni. Watoto wa nyumba ile walikuwa wanakula uani baada yetu, ndagala kidogo na bugali lililobaki, na mama yao alikuwa anafyonza vichwa vya samaki tuliowaacha. Yeye hakumwambia mke wangu lolote. Mke wangu aliliona kopo tupu, akasikia mwenye samaki akija kudai mlango wa nyuma.

Na kijana mwenyewe ndiye aliyekuwa akituletea maji ya kunawa. Mara zote zile aliinama mbele yangu na beseni na taulo begani, nami nikamwambia asome kwa bidii.

Asubuhi nilimsindikiza mjomba kazini. Tulipokaribia bandari akaniaga mapema, akasema jua litakuwa kali, nirudi nyumbani nikapumzike. Sikurudi. Nilikaa chini ya mti mbali kidogo na mahali malori yalipokuwa yanapakiwa nje ya ghala. Baada ya muda nilimwona mjomba katika mstari wa wapakuzi, kitambaa kimefungwa puani, mfuko wa saruji wa kilo 50 begani. Ana karibu miaka sitini. Akaupandisha ubao, akautupa, akarudi kuchukua mwingine. Niliondoka kabla hajaniona, nikazunguka njia ya soko, na jioni nilimwita kapita kama kawaida.

Sasa, ndugu zangu, naomba tufikiri pamoja.

Mjomba wangu si yule tajiri wa Nathani. Yeye hakuwa na zizi la pili la kuchukua. Wala hakuwa anajionyesha. Alipovuka kwenda Bujumbura mwaka 1996, Burundi ilikuwa chini ya vikwazo ambavyo nchi jirani ziliweka mwezi wa saba mwaka huo, na ambavyo viliondolewa Januari 1999. Bandari ilikuwa karibu haina kazi. Mpakuzi mmoja wa Buyenzi, Mwislamu, mtu asiyemjua, akamwingiza nyumbani kwake na kumlisha miezi minne katika njaa ile. Mjomba aliniambia habari hiyo mwenyewe. Kwa hiyo samaki wale hakuwa ananipa mimi tu. Alikuwa anamlipa mtu wa 1996. Mwaka 2020 mto Rusizi ulipofurika na kufukuza watu wa Gatumba, alipokea familia nzima katika vyumba viwili vile vile. Hivyo ndivyo alivyo.

Lakini naona tofauti, na hapo ndipo uzito wa jambo ulipo kwangu. Bega lake ni lake. Akitaka kulitoa kwa ajili ya mgeni, ni nani wa kumzuia? Lakini mwaka wa shule wa kijana si wake yeye peke yake. Na miguu ya mke wake iliyosimama jikoni tangu alfajiri si yake pia. Alitoa vyote pamoja, kwa mkono mmoja na kwa moyo mmoja, na mimi nilimshukuru yeye peke yake.

Mtu atanijibu kwa mjane wa Sarepta. Yeye naye alikuwa na mwana, na unga uliobaki ulikuwa wa mwana pia, lakini Eliya aliomba mkate wa kwanza. Ni kweli. Ila Eliya alikuwa na neno la Bwana kwamba unga ule hautapunguka. Mimi nilipokuwa navunja mukeke wa pili sikuwa na neno lolote.

Mwingine atasema kwamba ukianza kuhesabu, upendo umekwisha. Hili nilimwambia mke wangu usiku ule ule, kwa sababu nilikuwa najitetea. Nikamwambia bandari ndiyo inayohesabu. Meli hulipa kukaa gatini na mizigo hulipa kukaa ghalani, ila nyumba ya ndugu si gati. Akanijibu kwamba bandarini angalau mfuko umeandikwa kilo 50, anayebeba anajua na anayebebesha anajua. Nyumbani mzigo hauandikwi popote, kwa hiyo mgeni anaweza kudhani hauna uzito. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Tulipokuwa chuoni mwalimu mmoja alitufundisha kidogo habari za Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliyeandika mwaka 1795 kwamba mgeni ana haki ya kutembelea nchi ya watu bila kufanywa adui, lakini haki ya kukaa kama mgeni wa nyumbani hana, mpaka wakubaliane. Tulicheka, maana tuliambiwa pia kwamba bwana huyo maisha yake yote hakusafiri mbali na mji wake. Lakini wazee wetu walisema karibu hayo hayo kwa maneno machache, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hutumiwa kama kofi, hutupiwa mtu aliyezidisha kukaa. Mimi naanza kuisoma kwa namna nyingine. Anayepewa jembe anaondolewa aibu ya kubebwa. Sisi wa Nakivale tunalijua hili kuliko wengi, maana Uganda haikutupa hema tu. Ilitupa kipande cha ardhi tulime, na ardhi hiyo wenyeji wa Isingiro wanaitazama kila siku wanapopita. Mke wangu alipoingia jikoni kwa mjomba alikuwa amejichukulia jembe siku ya kwanza, bila kupewa. Mimi nilikuwa nangoja beseni.

Siku ya tano watoto wa mjomba walitupeleka Mugere, kusini mwa mji, penye lile jiwe kubwa. Limechongwa majina Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Watalii hupiga picha hapo. Wazungu hao wawili walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji kuchunguza kaskazini ya ziwa, wakakaa siku mbili wakiwa wageni wa mtawala wa pale, Mukamba. Tukalizunguka jiwe. Majina ya wageni yamo. Jina la mwenyeji aliyewapa mahali pa kulala halimo, wala la mpiga kasia hata mmoja, wala la mwanamke aliyepika usiku ule, maana lazima mtu fulani alipika. Nilisimama hapo na shibe yangu nikaona nina jiwe kama hilo kichwani mwangu, limeandikwa "Mjomba" na "Mchungaji".

Ndipo nilipomrudia Abrahamu, yule niliyekuwa nimepanga kuanza naye. Mwanzo 18. Abrahamu anaona wageni watatu, anakimbia, anawasujudia, anawaahidi kipande cha mkate tu. Kisha anakimbilia hemani na kumwambia Sara achukue vipimo vitatu vya unga, akande haraka, aoke. Vipimo vitatu kwa watu watatu! Akina mama wanaosoma wanajua hiyo ni kazi ya namna gani, wakati wa hari ya mchana. Ndama anapewa kijana amtayarishe. Abrahamu anasimama karibu na wageni chini ya mti. Sisi tunahubiri juu ya aliyesimama chini ya mti.

Lakini tazameni mstari wa tisa. Wakiwa wanakula, neno la kwanza ambalo wageni wale wanamwambia mwenye nyumba ni swali: Sara mkeo yuko wapi? Nilikuwa nausoma mstari huo kama mlango tu wa kuingilia ahadi ya Isaka. Nao ni mlango huo kweli, silipingi. Lakini pia ni wageni wanaokula mkate na kuuliza aliyeuoka. Hawakumuuliza Abrahamu ametoa wapi unga, wasimwaibishe. Waliuliza aliko mtu.

Sasa niwaambie nilivyofanya, ingawa sina hakika kama nilifanya vema.

Kumuuliza mjomba juu ya karo kungekuwa kumvua nguo mbele ya mtoto wa dada yake. Kukataa chakula kungekuwa vile vile. Kumpa pesa mkononi, mbele ya watoto, kungekuwa kumlipa kama mwenye hoteli. Mke wangu akachukua pesa tuliyoiweka kwa ajili ya kurudi, ile ya zawadi za njiani na ya kupumzika kwa ndugu, akampa mke wa mjomba jikoni, akasema, "Mama, hii ni ya sukari ya watoto." Pesa ile ilikuwa nyingi mno kuwa ya sukari. Wote wawili walijua, na hakuna aliyesema zaidi. Mimi kwa upande wangu nilimwambia mjomba kwamba nimepigiwa simu, kuna kikao cha kanisa, lazima tuondoke kesho asubuhi.

Hakukuwa na kikao. Nilimdanganya ndugu wa mama yangu, mtu ambaye sijui kama nitamwona tena, na nilimdanganya kwa jina la kanisa. Nimelipeleka jambo hilo mbele za Mungu. Wako kati yenu watakaosema ulikuwa uongo wa heshima, kama tunavyosema tumeshiba. Mimi sijaweza kuliita hivyo. Naona ningeweza kukaa naye ufukweni jioni moja, tukiwa wawili tu, nikamwambia kwamba najua na ninamheshimu zaidi kwa sababu najua. Niliogopa. Kukimbia kulikuwa rahisi, na sisi kukimbia tumezoea.

Kurudi, basi liliondoka alfajiri, na tulipita Kayanza bila kushuka. Hatukuwa na pesa hata ya kilo ya sukari ya kumpelekea rafiki yangu, tena nilikuwa nimeshikwa na hofu kwamba jogoo wake wawili walikuwa karo ya mtu mwingine. Alikuwa amenunua nyama, anatungoja. Habari kwamba tulipita aliipata kwa watu. Miezi minane hakupokea simu yangu. Alipopokea alisema neno moja, "Ulipita kwangu kama lori."

Na yeye ana haki. Kwa mjomba sikutazama nikala. Kwa rafiki yangu sikutazama nikakataa kula. Kosa ni lile lile. Nilimhesabia umaskini bila kuingia nyumbani kwake kuona, kumbe mwaka ule kahawa yake ilikuwa imemlipa vizuri, na nyama ile ilikuwa ya furaha tupu. Anayeogopa kula kondoo wa maskini anaweza kuanza kumwona kila anayemkaribisha kuwa maskini, na hilo nalo ni dharau. Sijui njia ya kuliepuka isipokuwa kukaa karibu na moto na kuangalia, kama mke wangu afanyavyo, na wanaume wengi hatukulelewa kukaa pale.

Kijana wa mjomba aliingia sekondari mwezi ule, ingawa alichelewa.

Basi, juu ya semina. Tangu posho ilipoanza kupunguzwa mwaka 2020, kila mmoja wetu anajua sufuria yake inafika wapi. Nimewaomba wazee wanaoandika orodha ya nyumba za kupokea wageni wasimuulize baba wa nyumba peke yake, kama tulivyofanya miaka yote, kwa maana baba atasema "wawili, hata watano!" akiwa amekaa. Wamuulize na mama, tena wamuulize akiwa peke yake, na akisema mmoja, iandikwe mmoja. Atakayesema hawezi asiandikwe popote kwamba hakuweza. Wageni nao tutawaambia walete kilo moja ya maharage kila mtu, na wanaume wanaosindikiza wake zao wateke maji. Najua wazee wawili hawajapendezwa na utaratibu huu. Wanasema tunaharibu desturi. Tutaongea.

Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, maelfu ya watu walivuka Rusizi kuingia Burundi, uwanja wa mpira wa Rugombo ukajaa wakimbizi. Juma lile mjomba alinipigia simu kutoka Buyenzi. Alikuwa na furaha ya ajabu katika sauti yake, ile ya mtu mwenye nyumba iliyojaa. Akasema wamefika jamaa wa upande wa Uvira, ni kumi na mmoja, wote wazima, watoto wamelala, Mungu ni mwema. Nikamwambia, "Mjomba, Mama yuko wapi?"

Akanyamaza kidogo. Akasema yuko jikoni. Nikaomba niongee naye, na mjomba akampelekea simu. Mama yule alinisalimu vizuri, akauliza habari za kanisa, kisha akaomba nimpe mke wangu. Waliongea muda mrefu kwa sauti ya chini, mke wangu amekaa kwenye kigoda, mkono mmoja unakoroga maharage. Pesa ya simu ya kule ilipokwisha, mke wangu akanitazama akasema niende dukani ninunue vocha, tumpigie sisi.